Banafsaji: Jina Moja, Maua Mengi. Lipi ni Dawa, Lipi ni Pambo?



Ndugu msomaji, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii safu yetu ya Afya na Usafi inajibu maswali matatu ambayo yamekuwa yakiulizwa mara kwa mara.

La kwanza: mafuta ya banafsaji yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili, pamoja na habbat sauda na mafuta ya zaituni, je, ni kweli yanatibu kikohozi cha watoto, kichwa na kukosa usingizi? La pili: ua la urujuani linalooteshwa kwenye vyungu, ambalo asili yake ni milima ya Usambara, je, ndilo hilo hilo banafsaji linalotajwa kwenye vitabu vya tiba? La tatu: ile dawa ya zambarau tuliyopakwa mdomoni utotoni, yaani GV, je, imetokana na ua hilo?

Maswali haya yanafanana kwa jambo moja. Yote yanatokana na jina. Mtu anasikia jina moja, anadhani kitu ni kimoja. Katika tiba, kosa la jina laweza kuwa kosa la dawa, na kosa la dawa laweza kugharimu uhai, hasa uhai wa mtoto. Kwa hiyo tuanze na ua lenyewe, kisha twende kwenye tiba, kisha tumalizie na tahadhari.

BANAFSAJI NI NINI?

Waarabu huliita ua hili banafsaj, Waajemi na watu wa Bara Hindi huliita banafsha, na Wazungu huliita vayoleti. Sisi kwa Kiswahili tumezoea zaidi rangi yake kuliko ua lenyewe. Mwanafunzi wa shule ya msingi akitaja rangi za upinde wa mvua humalizia na urujuani. Hiyo ndiyo rangi ya banafsaji.

Wataalamu wa mimea wameliweka ua hili katika jamii inayoitwa Viola. Aina zake zinazofahamika duniani ni zaidi ya 600. Nyingi huota kwenye nchi za baridi za kaskazini, yaani Ulaya, Asia na Marekani, lakini nyingine zimo kwenye milima ya nchi za joto.

Banafsaji halisi lina alama ambazo mtu yeyote anaweza kuzikagua. Ua lina petali tano. Petali ya chini imejitokeza kwa nyuma kama kijifuko chembamba, na humo ndimo mnamokaa maji matamu ya ua ambayo nyuki huyafuata. Majani ya aina nyingi yana umbo la moyo. Mbegu hukaa kwenye kifuko kinachopasuka pande tatu.

Yamo mengi ya kuzingatia katika kaumbile haka kadogo. Aina nyingi za banafsaji hutoa maua ya namna mbili. Yako yale yanayofunguka na kupendeza, na yako mengine ambayo hayafunguki kabisa, bali hujichavusha yenyewe yakiwa yamefumba na kutoa mbegu. Kwa hiyo hata kama nyuki hawakuja, mmea haukosi kizazi. Vilevile mbegu zake nyingi zina kipande kidogo cha mafuta kwa nje. Sisimizi huzibeba kwa sababu ya mafuta hayo, wakayala, na mbegu wakaiacha mbali na mama yake ikaota. Subhanallah.

BANAFSAJI ZA PORINI

Mashuhuri kuliko zote ni banafsaji yenye harufu, ambayo wataalamu huiita Viola odorata. Asili yake ni Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. Hutambaa chini kwa vikonyo virefu vinavyotoa mizizi, na huchanua baridi inapoanza kupungua, kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Hii ndiyo iliyotajwa na matabibu wa Kiislamu, na ndiyo inayotumika kwenye manukato na sharubati.

Harufu yake ina tabia ya ajabu. Ukiinusa mara ya kwanza utaisikia vizuri, ukirudia mara moja haipo tena, na baada ya muda kidogo inarudi. Ua halijaisha harufu. Ni pua ndiyo iliyochoka. Harufu hiyo imo kwenye kemikali zinazoitwa ayononi, ambazo hutuliza kwa muda mishipa ya kunusia. Ayononi zilitengenezwa kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1893 huko Ujerumani, na tangu hapo manukato mengi ya banafsaji hayana hata ua moja ndani yake. Msomaji aiweke kumbukumbu hiyo, kwani tutaihitaji tukifika kwenye mafuta ya dukani.

Ya pili ni ile ambayo Waingereza huiita kwa jina la mbwa kwa kuidharau, kwa kuwa haina harufu. Jina lake la kitaalamu ni Viola riviniana. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ile ya kwanza. Huota kwenye misitu na kando ya vichaka vya Ulaya.

Ya tatu ni banafsaji ya rangi tatu, Viola tricolor. Ua moja laweza kuwa na zambarau, manjano na nyeupe kwa pamoja. Hii nayo ina historia ndefu ya tiba huko Ulaya, hasa kwa magonjwa ya ngozi. Ndugu yake ni Viola arvensis, ndogo, yenye rangi ya maziwa na manjano, ambayo kwa wakulima wa ngano ni gugu tu.

Ya nne ni Viola sororia ya Marekani ya Kaskazini. Huota yenyewe kwenye nyasi za nyumba za watu. Wapo wanaoing'oa kama gugu, na wapo wanaoiheshimu. Majimbo ya Illinois, New Jersey, Rhode Island na Wisconsin yameifanya banafsaji kuwa ua rasmi la jimbo.

Na sisi Afrika Mashariki hatukunyimwa. Ipo banafsaji halisi iitwayo Viola abyssinica, yenye maua madogo ya urujuani mwepesi au meupe. Hutambaa kwenye nyasi na kingo za misitu ya milima mirefu ya Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu anayepanda mlima anaweza kuikanyaga bila kujua kwamba amekanyaga ndugu wa ua lililoandikwa na Ibn Sina.

BANAFSAJI ZA BUSTANI

Binadamu hakutosheka na za porini. Huko Uingereza, kuanzia miaka ya 1810, wakulima wa bustani walianza kuchanganya banafsaji ya rangi tatu na nyingine za jamii yake. Miaka ilivyokwenda likapatikana ua kubwa lenye mabaka meusi katikati kama sura ya mtu. Ndilo hilo ambalo huoteshwa siku hizi kwenye bustani za hoteli na mizunguko ya barabara katika miji ya baridi. Jina lake la kitaalamu ni Viola x wittrockiana.

Kulitofautisha ua hili na banafsaji ya kawaida ni rahisi. Hesabu petali. Banafsaji ya kawaida ina petali mbili zinazotazama juu na tatu zinazoelekea chini. Hili la bustani lina nne zilizosimama juu na moja tu chini.

Ipo pia Viola cornuta, yenye asili ya milima ya Pyrenees kati ya Ufaransa na Hispania. Kijifuko chake cha nyuma ni kirefu kama pembe. Kutokana nayo wamepata maua madogo ya bustani yanayostahimili baridi.

Na ipo banafsaji ya Parma. Petali zake zimejazana kama waridi, harufu yake ni tamu, lakini haitoi mbegu. Huzidishwa kwa kugawa vikonyo tu. Mji wa Toulouse nchini Ufaransa umejulikana kwa ua hili, na huko maua yake hupakwa sukari yakaliwa kama peremende.

Hapa lazima nitoe onyo la kwanza. Ua la chakula na ua la pambo hayalimwi namna moja. Maua ya bustani hupuliziwa dawa za kuua wadudu na ukungu. Hata kama aina yenyewe haina sumu, dawa iliyopuliziwa inayo. Usichume ua la bustani ya watu ukalichemsha chai. Aidha mizizi na mbegu za banafsaji hutapisha, hata kama majani na maua yake huliwa.

"VAYOLETI" YA USAMBARA SI BANAFSAJI

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1892, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Wajerumani, ofisa mmoja wa utawala aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliona huko Tanga na Usambara ua dogo la urujuani lililoota kwenye mawe yenye kivuli. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akaliandika rasmi, akalipa jina Saintpaulia ionantha. Neno la mwisho maana yake ni "lenye maua kama banafsaji". Tazama, hata aliyelipa jina alisema kama, hakusema ni banafsaji.

Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles nchini Marekani walianza kulizalisha kwa wingi, na leo ni miongoni mwa maua ya ndani yanayouzwa sana duniani. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza kwenye jamii nyingine ya mimea iitwayo Streptocarpus, baada ya kuchunguza nasaba yake.

Asili ya ua hili ni Tanzania na Kenya tu. Liko Usambara, Nguru, Uluguru, vilima vya Taita na sehemu chache karibu na pwani. Baadhi ya aina zake zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, na msitu ukikatwa kivuli kinaondoka, ua linakufa. Hifadhi ya Amani kule Muheza, iliyotangazwa mwaka 1997, ni moja ya sehemu zinazolilinda. Kwa hiyo anayekwenda kulichimba msituni ili auze anapunguza amana ambayo dunia nzima haina pengine pa kuipata.

Kwa upande wa tiba, jibu ni fupi. Ua la Usambara si la ukoo wa banafsaji hata kidogo. Majani yake ni manene yenye manyoya, yamejipanga kwa duara. Katikati ya ua kuna vichwa viwili vya manjano. Halina kijifuko nyuma wala halina harufu. Halijulikani kuwa na sumu kwa binadamu, hivyo mtoto akitafuna jani usipagawe. Lakini halimo kwenye vitabu vya banafsaji, na anayelikausha na kuliuza kwa jina hilo anawauzia watu kitu kingine.

NA GV JE?

Ile dawa ya zambarau ambayo watu wa zahanati tunaiita GV haikutokana na ua lolote. Ni rangi iliyotengenezwa kiwandani kwa kemikali katika karne ya 19. Jina la urujuani imelipata kwa sababu ya rangi yake tu. Mwaka 1884 daktari Hans Christian Gram wa Denmark aliitumia kupaka rangi vijidudu ili vionekane kwenye hadubini, na mpaka leo maabara zinatumia njia yake.

GV huua ukungu na baadhi ya bakteria, ndiyo maana ilitumika sana kwa utando mweupe wa mdomoni kwa watoto wachanga na kwa vidonda vya ngozi. Lakini mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Canada iliwatahadharisha wananchi wake, kwa kuwa kwa wanyama wa maabara imeonekana kuweza kusababisha saratani. Kwa hiyo isiwe dawa ya kupaka kila siku kwa kila kipele. Itumike pale tu mtoa huduma atakapoelekeza, ikiwa imepunguzwa makali, na kwa siku chache. Kwa utando wa mdomoni zipo dawa nyingine kama nistatini.

BANAFSAJI KATIKA TIBA YA WAISLAMU

Matabibu wakubwa wa Kiislamu waliijua banafsaji. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameitaja katika kitabu chake cha al-Qanun. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki mwaka 1248, naye ameieleza katika kamusi yake ya dawa. Kwa mizani yao ya joto, baridi, ukavu na unyevu, waliihesabu kuwa ni ya baridi na unyevu, kwa hiyo waliitumia kwa maumivu ya kichwa yatokanayo na joto, kikohozi kikavu na kulainisha kifua. Waliitumia kama sharubati, kama chai na kama mafuta.

Mafuta hayo yalitengenezwaje? Hapa wengi hawajui. Ua la banafsaji lenyewe halina mafuta ya kukamuliwa kama ufuta au nazi. Walichukua lozi zilizomenywa au ufuta, wakazipanga pamoja na maua mabichi, wakabadilisha maua mara nyingi mpaka harufu ikaingia kwenye lozi, ndipo wakakamua. Kwa hiyo mafuta ya banafsaji ya asili ni mafuta ya lozi au ufuta yaliyobeba harufu na baadhi ya dawa ya ua. Ni kazi ya siku nyingi, na ndiyo maana hayawezi kuwa rahisi.

Sasa kuna jambo linalotugusa sisi wenye kusoma gazeti hili. Wapo wauzaji wanaoyanadi mafuta haya kwa hadithi inayosema kwamba ubora wake juu ya mafuta mengine ni kama ubora wa watu fulani juu ya wengine. Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa hadithi aliyefariki mwaka 1201, ameziweka hadithi za mafuta ya banafsaji katika kitabu chake cha al-Mawdu'at, yaani mkusanyiko wa zile zilizozushwa. Kumsingizia Mtume (s.a.w.) jambo ambalo hakulisema ni dhambi nzito, sembuse kulifanya kuwa tangazo la biashara!

Hii haina maana kwamba mafuta hayo ni haramu au hayafai. Tumeamrishwa kutafuta tiba, na ua ni katika viumbe vya Allah. Maana yake ni kwamba tuyapime kama tunavyopima dawa nyingine, kwa ushahidi, kwa kipimo na kwa usalama. Kichupa hakiwi na baraka zaidi kwa kubandikwa maneno ya uongo.

UTAFITI WA SASA UNASEMAJE?

Nchini Iran, ambako banafsaji inatumika sana, umefanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwa watoto 182 wa miaka 2 hadi 12 wenye pumu isiyo kali. Watoto wote walipewa dawa ya kawaida ya kupanua njia za hewa. Kundi moja likaongezewa sharubati ya banafsaji, jingine likapewa sharubati isiyo na dawa. Waliopata banafsaji kikohozi chao kilipungua mapema zaidi. Ni habari njema, lakini isome vizuri. Watoto walikuwa wamepimwa ugonjwa wao, walikuwa wamezidi miaka miwili, na hawakuachishwa dawa ya hospitali.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine wa huko huko kwa watu wazima 50 waliokosa usingizi. Walitiwa matone ya mafuta ya banafsaji puani kabla ya kulala kwa muda wa mwezi mmoja, na wengi wakasema wamepata nafuu. Lakini hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwa uhakika kwamba ni mafuta yaliyowasaidia.

Kuna pia jambo lililoanzia Congo. Katika miaka ya 1960, daktari wa Norway aitwaye Lorents Gran, aliyekuwa akifanya kazi ya msaada huko, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea unaoitwa kalata-kalata ili uchungu wa uzazi uende haraka. Mmea huo si banafsaji, uko katika ukoo wa kahawa. Ndani yake ikapatikana protini ndogo iliyojifunga kama pete, ambayo hata ikichemshwa haiharibiki. Umbo lake kamili lilifahamika mwaka 1995. Baadaye ikagundulika kwamba ukoo wa mimea uliojaa protini za namna hiyo kuliko mwingine ni ukoo wa banafsaji.

Protini hizo zimeua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara. Hapo ndipo wengine wanapotangaza kwamba banafsaji inatibu saratani. Ndugu msomaji, kuua seli kwenye chombo si kutibu mgonjwa. Protini hizo hizo kwenye maabara hupasua pia chembe nyekundu za damu. Mwenye saratani asiache matibabu yake kwa ajili ya chupa ya sharubati.

TAHADHARI

Kwanza, usimtie mtoto mchanga mafuta puani. Iwe banafsaji, iwe zaituni, iwe samli. Maji yakimwingia mtoto njia ya hewa hukohoa na kuyatoa. Mafuta huteleza taratibu bila kumkohoza, yakaingia mapafuni, yakakaa huko na kuleta nimonia ya mafuta ambayo dawa za kawaida za nimonia haziyaondoi. Katika zahanati moja niliyowahi kufanya kazi, mama mmoja alimleta mwanawe wa miezi minne akipumua kwa taabu. Bibi yake alikuwa amemtia mafuta puani kila jioni kwa wiki mbili kwa nia njema kabisa ya kumfungua mafua. Tulimpa oksijeni na kumpeleka hospitali ya mkoa, alikokaa siku nyingi, na Alhamdulillah akapona. Pua ya mtoto iliyoziba isafishwe kwa matone ya maji ya chumvi yaliyo safi, basi.

Asije mtu akasema mbona tunavuta maji puani katika udhu. Kule ni maji, ni mtu mwenye akili yake anayevuta na kupenga mara moja. Si mafuta, na si mtoto aliyelazwa chali.

Pili, mjamzito asitumie sharubati wala chai ya banafsaji bila ushauri. Umeona habari ya kalata-kalata na uchungu wa uzazi. Tusifanye majaribio kwenye tumbo lenye kiumbe.

Tatu, wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kinachoitwa G6PD. Hali hii hupatikana zaidi kwenye maeneo yenye historia ya malaria, pwani yetu ikiwemo, na huwapata zaidi wanaume. Kutoka Iran zimeripotiwa kesi za watoto wenye upungufu huo ambao damu yao ilipasuka baada ya kupewa banafsaji. Dalili zake ni macho kuwa ya manjano, mwili kupauka na mkojo wa rangi ya chai nzito. Ikiwa katika ukoo wenu yupo aliyewahi kupatwa na hali hiyo kwa dawa au chakula, usimpe mtoto banafsaji.

Nne, sharubati nyingi za banafsaji huchanganywa na asali au sukari. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholeta ulemavu wa misuli kwa wachanga. Na mwenye kisukari akumbuke kuwa sharubati ni sukari, hata ikiitwa dawa.

Tano, kabla ya kununua muulize muuzaji maswali haya. Jina la kitaalamu la mmea ni lipi, je, ni Viola odorata? Mafuta ya msingi ni ya lozi, ufuta, au mafuta ya madini? Ni ya kunywa, ya kupaka, au ni manukato tu? Yametengenezwa lini na yataisha lini? Asiyeweza kujibu hayo anauza harufu. Na kama tulivyoona, harufu ya banafsaji hutengenezwa kiwandani bila ua.

USAFI WA VYUNGU

Kwa wanaopenda kuotesha ua la Usambara ndani ya nyumba, zingatieni jambo moja. Ua hili halipendi majani yake yalowe, kwa hiyo wengi huweka kisahani chenye maji chini ya chungu ili linywe kutoka chini. Kisahani hicho ni nyumba ya mbu aina ya Aedes, wanaouma mchana na kueneza homa ya dengue. Dar es Salaam imeshaonja dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Weka maji, subiri kama nusu saa udongo unywe, kisha mwaga yaliyobaki. Kila wiki kisugue kisahani kwa brashi, maana mayai ya mbu huyu hunata ukingoni na hustahimili ukavu. Usafi ni katika imani, na kisahani nacho kimo.

KIKOHOZI CHA KUKIMBILIA HOSPITALI

Namalizia na lililo muhimu kuliko yote. Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto mkubwa kinaweza kutulizwa nyumbani kwa maji ya uvuguvugu na mapumziko. Lakini nimonia haisubiri sharubati. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mwinue nguo, tazama kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Mpeleke kituo cha afya haraka ukiona lolote kati ya haya:

Chini ya miezi 2: anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika.

Miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi.

Mwaka 1 hadi miaka 5: mara 40 au zaidi.

Umri wowote: kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au haamki vizuri, au anakoroma akiwa macho.

Yaandikeni haya kwenye karatasi, yabandikeni ukutani pale mama na bibi wanapoweza kuyaona usiku. Wamama wasiojua kusoma wasomewe. Kuhesabu pumzi hakuhitaji shule wala fedha, kunahitaji saa na utulivu wa dakika moja.

Banafsaji ni neema, ina uzuri wake, ina harufu yake, na ina nafasi yake katika tiba kwa mtu mzima anayejua anachotumia. Tuliheshimu kwa kulijua jina lake sawasawa, na tuwaheshimu watoto wetu kwa kutowafanya uwanja wa majaribio.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.